Makonyo, Makapi na Mabibo: Historia ya Maua Yaliyotupwa

Chama cha Ushirika kinapotimiza miaka 10, desturi ni kuhesabu kilichopatikana: tani zilizofika ghalani, fedha zilizowafikia wakulima, vyama vya msingi vilivyosimama na vile vilivyoyumba. Hesabu hiyo ni ya haki, na imo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi, katika kurasa hizi chache, twataka kuhesabu kilichotupwa. Maana kila mavuno yana sehemu mbili, iliyopelekwa mizanini na iliyoachwa chini ya mti. Na historia ya kilimo katika nchi zetu yaonyesha kwamba mara nyingi sehemu iliyoachwa ilikuwa ni mali iliyokosa mtu wa kuipima.

Tutasema habari za maua. Msomaji wa Malolo, au wa kijiji chochote cha Nachingwea na Ruangwa, pengine atauliza maua yamhusu nini, yeye aliye mkulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Twamjibu kwamba hakuna mkulima anayetupa maua mengi kuliko yeye. Kila shada la mkorosho huchanua maua mamia, mengine ya kiume tu, mengine yenye jinsia zote mbili. Yaliyo mengi hupukutika, na yanayofikia kuzaa ni machache. Hayo ni maumbile, wala hayana dawa. Lakini liko jambo la pili. Wataalamu wa mimea watufundisha kwamba bibo si tunda hasa. Tunda la mkorosho ni korosho yenyewe ndani ya ganda lake. Bibo ni kikonyo cha ua, yaani kile kijiti kilichoshika ua, ambacho korosho ikishakua huvimba, kikajaa maji na sukari, kikageuka manjano au mwekundu. Basi mkulima anyofoapo korosho na kuliacha bibo mchangani, ametupa kikonyo cha ua. Nchi nyingine zimetupa vikonyo vya namna hiyo, kisha zikaviokota. Na tuone zilivyofanya.

MAKONYO YA ZANZIBAR

Karafuu ni ua. Ni kichomozo cha ua kinachochumwa kabla hakijafunguka. Kikiachwa kikachanua, thamani yake imekwisha. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na katika utawala wa Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, mashamba yakaenea Unguja na Pemba. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu.

Mchumaji hachumi karafuu moja moja. Hukata kishada kizima pamoja na vijiti vyake, kikapelekwa nyumbani, na huko watu huketi kuchambua: karafuu upande huu, vijiti upande ule. Vijiti hivyo ndivyo makonyo. Mtu asiyejua angeviona kuwa ni takataka za kuwashia moto. Zaidi ya hayo, vilikuwa takataka zenye kuleta fitina, maana wako wauzaji waliovichanganya na karafuu ili kuongeza uzito. Ndiyo sababu daraja la karafuu lilipimwa pia kwa kiasi cha makonyo kilichomo ndani yake.

Lakini makonyo yana mafuta. Si mengi kama ya karafuu yenyewe, ambayo katika kilo 100 hutoa kilo 15 mpaka 20. Makonyo hutoa kama kilo 5 au 6. Hata hivyo mafuta hayo yamejaa dawa ile ile iitwayo yujeno, inayotuliza maumivu ya meno, na ambayo madaktari wa meno huichanganya katika dawa ya kuzibia matundu. Hutumika pia katika sabuni, manukato na viungo vya chakula. Kwa hiyo makonyo yalipata wanunuzi ng'ambo, na baadaye Zanzibar yenyewe ikaanza kuyakeneka. Leo huko Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ambacho watu hukiita kwa jina la takataka ile ile: Kiwanda cha Makonyo.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Makonyo makavu hujazwa katika pipa kubwa la chuma, mvuke wa maji hupitishwa katikati yake, nao huchukua mafuta na kutoka nayo kwa bomba. Bomba hupozwa kwa maji baridi, mvuke ukageuka tena kuwa maji, na mafuta yakajitenga. Mafuta mengi huelea juu ya maji. Haya ya karafuu ni mazito, huzama. Na kwa kuwa mtambo ulikwisha kusimama, ukaweza kukeneka na vitu vingine, kama vile majani ya mikarafuu, majani ya mdalasini na mchaichai.

Twaomba msomaji aangalie jambo moja. Makonyo yalikuwa na mafuta tangu siku mkarafuu wa kwanza ulipochanua. Kilichoyageuza kuwa mali ni mizani. Siku kituo cha kununulia kilipoyapangia makonyo bei yake, mbali na bei ya karafuu, ndipo mchambuaji alipoacha kuyamwaga. Na hapo ikaonekana faida ya pili: mtu anayelipwa kwa makonyo hana haja ya kuyaficha ndani ya gunia la karafuu.

MAKAPI YA PARETO NA MAUA YA MAHEKALU

Jambo hilo halikuwa la Zanzibar peke yake. Nyanda zetu za juu za kusini hulimwa pareto, ua jeupe lenye moyo wa manjano, lililoingia Tanganyika katika miaka ya 1930. Maua hukaushwa, husagwa, na sumu yake ya kuua wadudu hutolewa kiwandani. Mafinga ndiko kiliko kiwanda cha Tanzania. Baada ya sumu kutoka, hubaki makapi, nayo ni sehemu kubwa sana ya uzito wa ua. Makapi hayo hayakutupwa. Kwa kuwa hubakiwa na sumu kidogo, yalitiwa katika dawa za kufukiza mbu, zile za kuviringa kama konokono; na mengine yakawa chakula cha ng'ombe.

Mbali zaidi, katika mji wa Kanpur nchini India, maua yanayotolewa mahekaluni yalikuwa yakitupwa kila siku katika mto Ganga, pamoja na dawa za wadudu zilizopulizwa shambani. Katika miaka ya 2010 vijana wa huko wakaanza kuyakusanya, kuyachambua na kuyakausha, wakatengeneza vijiti vya udi na mbolea ya minyoo. Na wafanyakazi wao wengi ni wanawake. Habari hiyo imeenea duniani kama jambo geni. Kwa mtu wa Pemba, bila shaka, si geni sana.

HISTORIA YETU WENYEWE

Sasa turudi nyumbani. Mkorosho nao ni mgeni. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazil katika karne ya 16, na kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kivuli na wa watoto kuchuma mabibo. Maana yake ni kwamba wazee wa kwanza walilijua bibo kuwa ni chakula kabla korosho haijawa biashara. Biashara ilipokuja, ikataka korosho tu, na bibo likawa uchafu wa kazi.

Wilaya zetu zimejaribiwa kwa mipango mikubwa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Walioupanga hawakuijua mvua yetu wala udongo wetu, na mkulima hakuulizwa.

Wakati huo huo, bila kelele, mikorosho ya wakulima wadogo ilikuwa ikiongezeka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kisha mavuno yakaporomoka, hata msimu wa 1986/87 hayakufika tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: wakulima kuhamishwa mbali na miti yao wakati wa vijiji, bei ndogo, vyama vikuu vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, na zaidi ya yote ugonjwa wa ubwiriunga. Ugonjwa huo ni ukungu mweupe unaoshambulia maua na machipukizi, yakakauka kabla ya kuzaa. Miti ilisimama mizima, lakini maua yake yalikuwa maiti. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, pamoja na mabwana shamba, wakatufundisha kupuliza salfa, na maua yakarudi. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Kwa hiyo mkulima wa kusini ajua gharama ya ua moja, kwa kuwa alinunua uhai wake kwa salfa.

Katika miaka hiyo ya nyuma nchi ilijenga pia viwanda vikubwa vya kubangua korosho, na kimojawapo kiliwekwa Nachingwea. Vilijengwa kwa mikopo na mitambo ya kigeni; vilipokuwa tayari, korosho zilikuwa zimekwisha mashambani, na vingi vikafungwa milango. Hatuyasemi haya kwa kulaumu. Twayasema kwa sababu atakayependekeza leo kiwanda kikubwa cha mabibo, chenye sherehe na jiwe la msingi, hana budi kwanza kuipita milango hiyo iliyofungwa.

HESABU YA BIBO

Bibo lina uzito wa mara 5 mpaka 10 ya korosho iliyoning'inia chini yake. Na tuchukue kadirio la chini kabisa, mara 5. Mwanachama aliyepeleka ghalani kilo 1,000 za korosho ameacha shambani si chini ya kilo 5,000 za mabibo. Kwa tani 313,000 za msimu wa 2017/18, nchi nzima iliacha au ilipata mabibo zaidi ya tani 1,500,000. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia katika korosho msimu wa 2007/08, kila kilo ya korosho imeandikiwa karatasi yake. Bibo halijaandikiwa hata mstari.

Haifai, hata hivyo, kumdanganya mwanachama kwamba bibo ni makonyo. Konyo la karafuu likikaushwa hukaa miezi. Laweza kusafirishwa kwa mashua na kungoja zamu yake mtamboni. Bibo likianguka asubuhi, kesho yake limeanza kuchacha. Kati ya kilo 100 za bibo, kilo kama 85 ni maji; atakayelipakia katika lori kulipeleka mbali amelipia nauli ya maji. Tena lina ukakasi unaokaza ulimi, utokanao na tanini. Hizo ndizo sababu za kweli za kutupwa kwake, wala si uvivu wa mkulima.

Lakini kila sababu ina jibu lililokwisha kupatikana. Ukakasi huondolewa kwa kuyapitisha mabibo katika mvuke kabla ya kukamua, au kwa kutia katika maji yake uji mwepesi wa mchele au wa wanga wa muhogo, ambao huikamata tanini na kuzama nayo, kisha maji safi yakachujwa. Katika jimbo la Piauí, kaskazini-mashariki mwa Brazil, ulikotoka mti wenyewe, watu hutengeneza kinywaji kiitwacho cajuína: maji ya mabibo yaliyosafishwa, yakatiwa katika chupa, yakachemshwa ndani ya chupa mpaka yakawa na rangi ya asali. Hakina kileo, nacho hukaa muda mrefu. Mwaka 2014 Brazil ilikiandika miongoni mwa urithi wa utamaduni wa taifa. Kule Goa, India, mabibo hukenekwa kuwa kinywaji kikali kiitwacho feni, ambacho mwaka 2009 jina lake liliandikishwa kisheria ili mtu wa mahali pengine asilitumie.

Na sisi twakeneka; tusijifanye hatujui. Lakini gongo imekatazwa kwa sheria, haina kipimo wala ukaguzi, na kijana aliyezaliwa katika nyumba ya mabibo mengi amepata humo hasara kuliko faida. Hiyo ndiyo njia moja ambayo bibo limepata soko bila kupata mizani, nayo yaonyesha hatari ya mali isiyosimamiwa na chama.

Njia nyingine zipo, tena za halali. Naliendele imefundisha kutengeneza maji ya matunda, jemu na mvinyo wa mabibo. Bibo lina vitamini C mara kadhaa kupita chungwa, na hilo ni jambo kubwa kwa watoto wa shule. Bibo likikatwa na kuanikwa juani juu ya kichanja safi hupoteza maji yake na kuwekwa akiba. Maji yake yaweza kugeuzwa siki. Makapi yanayobaki baada ya kukamua hukaushwa yakawa chakula cha mifugo. Na yasiyofaa hata mifugo hurudi shimoni kuwa mboji, yarudi kwa mti uliyoyatoa. Hapo hakuna kinachooza ovyo, wala nzi na uchachu chini ya mikorosho.

BIBO NI LA NANI?

Liko swali ambalo historia ya makonyo yatuachia, nalo ndilo zito kuliko yote ya mtambo na chupa. Zanzibar, konyo lilipopata bei, ilibidi ijulikane ni nani apokee fedha: mwenye mti, au aliyeketi usiku akichambua? Kwetu, korosho huandikwa kwa jina la mwenye shamba, na mara nyingi jina hilo ni la mwanamume. Bibo, kwa kuwa halikuwa na thamani, liliachwa mikononi mwa kina mama na vijana: wao ndio huliokota, hulikamua, hulianika. Siku litakapopata bei, atatokea mtu wa kusema, "Mti ni wangu." Na kisheria atakuwa amesema kweli.

Twaona afadhali jambo hilo liamuliwe mapema, mzigo wa kwanza usijafika mizanini. Kama fedha ya bibo itaandikwa katika kitabu kile kile na kwa jina lile lile, aliyeinama kuokota atapata kazi iliyoongezeka na mkono mtupu, naye baada ya msimu mmoja hatainama tena. Mabibo yatarudi mchangani, na watu watasema mpango ulishindwa kwa sababu ya soko. Ushirika hauwezi kumwamuru mume na mke jinsi ya kugawana. Lakini waweza kufungua daftari la mabibo kwa jina la mwokotaji na mkaushaji, na kumpokea kuwa mwanachama kwa daftari hilo.

YATUPASAYO

Kutokana na haya yote twaweka mbele ya wanachama na maofisa mambo manne, yasiyohitaji jiwe la msingi.

Kwanza, kazi ya bibo ifanyike kijijini, katika chama cha msingi, kwa maana bibo halisafiri. Kikamulio, sufuria za mvuke na vichanja vichache vyatosha kuanza. Vilivyokauka na vilivyotiwa chupa ndivyo visafirishwe.

Pili, vichaguliwe vyama vichache tu vya kujaribia, Malolo ikiwa kimojawapo, kwa misimu miwili, na hesabu zake zisomwe hadharani, faida na hasara. Tumeona yaliyoupata mpango wa karanga ulioanza kwa ukubwa kabla ya kujaribiwa.

Tatu, bibo lipimwe. Hata msimu wa kwanza ambao hatutauza chochote, na tupime kilo zilizokusanywa asubuhi, zilizofaa na zilizooza, ili kesho tuzungumze na mnunuzi kwa tarakimu.

Nne, daftari la mabibo liwe la yule anayefanya kazi ya mabibo.

Miaka 10 ya kwanza, chama kimejifunza kuilinda korosho: kuipima, kuiweka ghalani, kuipigania bei. Ulinzi huo usilegee. Lakini korosho ni sehemu moja tu ya kile ambacho ua la mkorosho hutupa. Sehemu ya pili, iliyo nzito zaidi, itaanza kuanguka tena msimu huu kama kawaida, kila asubuhi, kuanzia Septemba hadi mwisho wa mwaka. Twaomba Mkutano Mkuu ulijadili jambo hili kabla ya maua kuchanua, maana baada ya hapo kila mtu atakuwa shambani, na hakutakuwa na wa kusikiliza.